Mchanga Ulioulizwa Kwao

Mzee Ramazani,

Nakuandikia nikiwa labo yetu ya mawe, nimekalia stuli yako ile yenye mguu mfupi, na usinikasirikie. Nina habari ambayo sikutaka mtu mwingine aisikie vizuri kabla yako: maji yametoka kisimani Ruziba! Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Yametoka kwenye jiwe lile lile ulilosema, Mzee. Lile lile! Akina mama walipiga vigelegele mpaka askari wa bariyeri ya barabarani wakaja mbio kuuliza kuna nini. Wakapewa kikombe, wakanywa.

Ulizikwa ukiitwa mzee wa macho mabovu. Hilo sijalisahau miezi yote hii.

Unalikumbuka lile gunia. Kisima cha Kinama kilikuwa kimepata maji safi ndani ya jiwe la mchanga, na watu wa Ruziba walikuwa bado wanakunywa ya ziwa, watoto wao wanaharisha. Swali letu lilikuwa moja tu: jiwe la Ruziba ni ndugu wa lile la Kinama, au hawajuani? Wiki ile risasi zilikuwa zinalia upande wa kusini, njia ya Ruziba, sisi tukakatazwa kutoka mjini, akaenda dereva wetu Jumaa kutuletea jiwe. Akarudi na gunia la mchanga. Eti jiwe limesagika njiani!

Dawa nzito ya kutenganishia chembe ilikuwa haiji tena tangu nchi iwekewe vikwazo, kwa hiyo uliazima sinia la pilau la Mama Hadija, mke wako, bila kumwambia. Ukalizungusha majini polepole. Mchanga mwepesi ukaenda zake, chembe nzito zikabaki chini. Mchanga wa Kinama ulikuwa umetupatia garneti, chembe nyekundu za mawe ya milima yetu hii ya juu. Gunia likatupatia chembe za kijani, za mawe ya volkano. Ulicheka peke yako kwenye hadubini: "Huyu apana mutu wa Ruziba. Huyu ametoka Kongo, amekuja na muto Rusizi. Gunia linasema uongo."

Shefu wa labo akasema mchanga ni tofauti, basi jiwe ni tofauti, na mzee amechoka macho. Kisima cha Ruziba kikafutwa. Hukubishana. Ulikunywa chai yako, na mi nililia chooni kwa hasira.

Mzee, miaka hii mtu akikuuliza kwenu ni wapi, anatafuta kabila lako. Mi, mtoto wa mtaa wa Ngagara, nimejifunza kujibu huku naangalia mlango. Ila wewe ulikuwa unauuliza mchanga tu, tena kwa upole, kama unamkaribisha mgeni. Wenzako waliandika namba kwenye chupa. Wewe uliandika "Kwao:" halafu jina la mto au la mlima.

Sasa sikiliza. Njia ilipofunguka, nilikwenda Ruziba mwenyewe na nyundo yako. Nikavunja jiwe ukutani mwa shimo la mawe la huko, si la chini lililolala ovyo, maana kelele zako bado zimo masikioni. Nikaponda, nikachekecha, nikazungusha sinia. Yoo! Nyekundu, Mzee! Nyekundu tele, na zile nyeusi kama vijiti, na za kioo, zote za Kinama, hakuna iliyokosekana. Ya kijani haikuwepo hata moja.

Nilipiga kelele mpaka Jumaa akaja. Alipoona, alikaa chini sakafuni. "Dada, nisamehe. Nilifika bariyeri nikaogopa. Nikajaza gunia kwenye shantie ya mwashi hapa mjini." Mchanga wa kujengea nyumba, umetoka Rusizi! Nilitaka kumpiga na sinia, kisha nikashikwa na kicheko hadi mbavu zikauma. Uliusoma mchanga mpaka mto wenyewe, na hukuondoka kwenye stuli. Nimemsamehe. Hata mi ningeogopa.

Shefu alitia sahihi kisima kichimbwe. Jana alikuja kimya kimya kuniomba nimfundishe kuzungusha sinia. Anamwaga zote, nzito na nyepesi. Ungefurahi sana.

Mama Hadija ni mzima. Siku ya Idi alitupakulia pilau kwenye sinia hilo hilo, nami, Mkristo wa watu, nikakaa mahali pako. Tonge la kwanza tu, kra! Nilidhani jino. Mama Hadija akasema, "Huyo ni mzee wenu anasalimia," na nyumba nzima ikacheka, tukafuta macho, tukacheka tena.

Lala salama, Mzee wangu. Allah akurehemu, na mi naongeza amina yangu ya kanisani. Nakuahidi: sitaandika "Kwao" kwenye chupa ya mchanga ambao sikuuchimba kwa mkono wangu.

Ile chembe ya Idi niliitema kiganjani, nikaiosha. Nyekundu. Iko dirishani sasa, ndani ya chupa ndogo. Nimeandika: "Kwao: kwa Mzee Ramazani."

Mwanafunzi wako,
Espérance