Kwa Baba Athumani, Kuhusu Warusi Wako na Maji Yao

Baba Athumani,

Wewe mwanamume huna haya. Huu mwezi wa sita tangu wakutoe hapa na jeneza, na kwangu hujaja hata mara moja. Kwa Yohana, mwenzio wa shabaha, umekwenda. Ameteremka kutoka Amani na mkongojo wake na kikohozi chake kuja kunitambia, eti umemjia ndotoni mara mbili, umekaa kwenye benchi lake, umemwomba ugoro. Kwa Yohana, Mshambaa, Mlutheri, kwenye baridi lile lote la mlimani. Mimi niliyekupikia tangu kichwa changu hakina mvi nalala hapa hapa Maramba, kitanda kile kile, upande wangu ule ule wa ukutani, na wako nimekuachia. Kama umesahau njia, uliza. Wafu wenzako wa hapa wote wanaijua nyumba yangu.

Naandika mwenyewe, usitafute mkono wa mtu. Sikusoma, unajua. Herufi hizi ni zako, ulinifundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na wala si kwa mapenzi. Ulitaka mtu wa kukuandikia daftari la shabaha. Wenzangu kwenye kisomo cha watu wazima walianza na a, e, i. Mimi maneno ya kwanza kuyajua kuyaandika duniani ni juu, chini, kushoto, kulia, katikati. Jina langu lilikuja baadaye sana. Kwa hiyo barua hii leo ni siku ya nne naiandika, kidole kimevimba, na nimechoka, Baba Athumani. Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe sina nguvu nako.

Habari za hapa. Eda nimemaliza, miezi minne na siku kumi, sikuruka hata siku moja. Nguruwe mwitu walijua umekufa kabla ya ndugu zako wa Pangani. Muhogo wa upande wa mtoni wameumaliza, wanakuja mchana kweupe, wanatembea kama wamealikwa. Athumani mwanao yuko Mtwara kikazi, anapiga simu kila Ijumaa, anauliza kama nimekula. Nikimwambia nimekula anasema umekula nini. Amekuwa wewe huyo.

Na Warusi wako wamekwenda. Ndilo nililokaa kukuandikia, nilikuwa nalizunguka tu.

Wenzio korona, kile kiwanda chenu cha kusindika mkonge, ilipofungwa walinunua mabati, walinunua baiskeli. Wewe fundi wa korona mzima ukarudi nyumbani na bunduki ya walinzi na karatasi yake ya polisi, bunduki ndefu kunishinda mimi, kitako kimechubuka kama goti la mtoto. Nikakuuliza hii inatwanga nini. Ukasema hii ya Mrusi, Mwana, imepigana vita kubwa kabla ya mama yako kuolewa. Ukaiita Mrefu. Kisha ile ya pili, ya yule mwindaji wa Ushongo aliyeingia upofu. Kisha ile fupi yenye singe ya kukunja, inayopiga teke la bega na kutema moto mbele za watu. Ile ukaipa jina langu. Ulicheka wiki nzima, na Yohana akacheka na wewe. Watu wengine wanakusanya saa, wanakusanya mikufu. Wewe Warusi watatu chini ya kitanda changu, na kila mmoja na leseni yake kwenye bahasha, maana kwa karatasi hukuwa na mchezo.

Nilipenda kitu kimoja tu kwenye bunduki zile. Yale maandishi juu ya chuma. Ulivaa miwani, ukayageuza, ukashindwa. Mbele ya Mrusi na wewe ulikuwa hukusoma.

Na maji. Maji hayo hayanitoki kichwani. Ulisema risasi zake za kizamani zina chumvi, zikishapigwa chumvi inabaki ndani ya mtutu inakula chuma, na dawa yake ni maji yanayochemka, yamiminwe juu yatokee chini, kisha kitambaa, kisha mafuta ya cherehani. Kila Jumamosi tukirudi kutoka kupiga shabaha kule machimbo ya kifusi, hata kandambili hujavua, "Maji kwanza, chai baadaye." Miaka yote hiyo birika langu lilinywesha bunduki kabla ya watu. Wageni walidhani tuna mgonjwa.

Basi Jumamosi ile ya mwisho sikwenda na wewe. Nilikuwa na mgongo, nilikuwa na nguo za kufua, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kukudanganya. Hili hulijui, au nilidhani hulijui. Macho yako yalikuwa yamekwisha. Mimi ndiye niliyekwenda mpaka kwenye debe kuangalia, kwa sababu ya magoti yako, naking'oa msumarini kile kifuniko cha bati ulichokilenga, narudi nakwambia katikati. Naandika katikati. Na risasi imepita pembeni kabisa, siku nyingine haikugusa bati, imekwenda zake kwenye udongo. Nilikuwa nikivitupa vifuniko kwenye shimo la migomba usije ukavishika kwa vidole ukajua. Misimu miwili hivyo. Nilianza mara moja, nilipoona uso wako unasubiri, na mara moja hiyo ikakosa mwisho.

Siku ile akakuangalizia Yohana. Na Yohana hajui kusema uongo, hajui hata kunyamaza. Amenisimulia. Alikwambia kushoto, ukapiga tena, kushoto, ukapiga, akakwambia hii sijaiona. Ukairudisha bunduki begani ukasema twende.

Ulirudi hukunisalimia. Ukaiegemeza Mrefu mlangoni, ukasema nichemshie maji. Sauti yako ilikuwa kavu. Nikajua umeshajua, unanichukia, na mimi nikiona mtu ananichukia natangulia kuchukia. Nikakwambia chemsha mwenyewe, mimi si mpishi wa bunduki. Ukaifunga kwenye sanduku na uchafu wake, ukaenda kulala na mchana bado mweupe. Nikasema amenuna. Nikafua. Nikaanika. Kumbe ni kifua. Jumatatu adhuhuri tumekuzika.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo eda nzima, ndani ya nguo nyeupe, watu wanakuja kunipa pole na mimi nasikia chumvi inakula chuma mle ndani.

Polisi walikuja. Kijana mpole wa kituoni, akapiga hodi akabaki barazani, mimi nyuma ya pazia. Akasema bibi, pole, sheria inataka silaha za marehemu zirudi kituoni. Nikamwambia mwanangu, nimo edani, na sanduku liko chini ya kitanda cha maiti wangu, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Anayeutaka aje auchukue hapo ulipo. Akacheka, maskini, akaenda. Akarudi na jibu la mkuu wake, maliza eda yako, mama, ila ufunguo usimpe mtu. Athumani naye akaniomba kwa simu, fungua hata uzipake mafuta tu, mama. Nikasema sifungui. Nilimwambia ni eda. Uongo, eda haikukataza mafuta. Niliogopa kumwona Mrefu.

Eda ilipokwisha, nikaoga, nikamwita Yohana, maana yeye ana leseni yake na anajua kuzishika. Tukalivuta sanduku. Wale wawili wazima, wanang'aa mafuta yako. Mrefu komeo lilikataa kufunguka. Yohana akaligonga na kipande cha mti, likalia kama mlango wa kaburi. Akachungulia mtutu kwenye mwanga, akanyamaza. Yohana akanyamaza, unaelewa. Kisha akasema, "Shemeji, ndani humu kumeota."

Nikaenda jikoni nikachemsha maji. Nikamimina birika la kwanza, yakatoka kama chai ya rangi. La pili, chai. La tatu, la nne. Yohana akasema basi, shemeji, kutu hii haiondoki na maji, na kule kituoni hakuna atakayechungulia. Nikamwambia nyamaza, simwoshei polisi. Nimeosha mpaka yakatoka meupe. Mashimo yamebaki, sikufichi. Mrefu hatakwenda sawa tena hata akishikwa na mwenye macho.

Yohana akaniuliza, hutaki kupiga hata moja, kwa ajili yake? Sijawahi kupiga, unajua, ulinibembeleza mno. Nikasema hapana. Leseni ya mtu imekufa naye.

Ndipo nikarudi kulifuta sanduku. Chini kabisa, chini ya lile gunia, nikagusa bati. Nikavuta. Vifuniko. Vifuniko vyangu, nilivyovitupa mimi kwenye shimo la migomba, vyote, vimekoshwa, vimepangwa kama sahani. Kimoja tundu liko ukingoni kabisa. Kingine hakina tundu hata moja. Na kila kimoja kina maandishi ya mkaa, mkono wako ule wa kulala upande. Nilisoma polepole, nikidhani nimekosea herufi. Katikati. Mwana kasema. Kinachofuata, katikati, Mwana kasema. Hata kile kisicho na tundu.

Na magoti yale. Uliingiaje kwenye shimo lile na magoti yale, Baba Athumani.

Nilikaa chini. Yohana akatoka nje, akajifanya anakohoa.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu mwanzo na ukaniacha niandike. Ule ukavu wa sauti yako siku ile ulikuwa kifua, haukuwa mimi. Au ulikuwa mimi kidogo, sijui, lakini si yote. Lawama nimeibeba yote miezi minne na siku kumi, na nilipoitua nimekuta mwili mzima unauma, kama mtu aliyeshusha tenga la muhogo.

Kesho yake tukazipeleka. Yohana alizibeba kwenye gunia, mimi na bahasha ya leseni. Yule kijana akasoma namba kwenye chuma, akalinganisha na karatasi, zote sawa, hukuniaibisha. Akaleta wino wa kidole gumba. Nikamwambia lete kalamu. Nikaandika Mwanahamisi, lote, foleni ikangoja. Ile fupi yenye jina langu niliipiga kofi kitakoni, nikaiaga. Yohana ameomba Mrefu, ameandika maombi, wakimpa sawa, wasipompa sawa. Nimemwambia akipata, maji ni ya moto, si ya vuguvugu, na nitapandishwa niende nikague mwenyewe hata huko kwenye baridi lake.

Vifuniko sikutoa. Hakuna sheria ya vifuniko. Vimerudi kwenye sanduku chini ya kitanda, na siku yangu ikifika Athumani ameshaambiwa mahali vilipo na kwamba haviuzwi kwa mnunua vyuma chakavu. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na kila Jumamosi nitakusomea Yasini, nikimaliza nitanywa chai peke yangu, kwanza. Mungu akupanulie huko uliko. Nenda salama, mume wangu. Nilisema si mpishi wa bunduki. Nilikuwa.

Sasa sikiliza. Ukija, usipite kwa Yohana. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri, najilaza kidogo mkekani uani. Ingia mlango wa nyuma, mbwa wa jirani amekufa, usiogope. Birika litakuwa jikoni, limechemka. Kaa kwenye kigoda, nyoosha hayo magoti, uniambie mwenyewe kwa mdomo wako, zile tatu za mwisho zilikwenda wapi. Daftari nitakuwa nalo. Utakalosema ndilo nitakaloandika.

Mwana