Kibonge Hakupigwa Teke

Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumatano, tarehe 17 Juni, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakuamkia, acha nitoe neno ambalo halijapita mdomoni mwangu kwa mtu yeyote. Baba na mama wanalijua kwa kuwa walikuwepo, lakini hata nao hatujalizungumza. Lile jeraha juu ya jicho la baba, alilokuambia kwenye simu kwamba aliangukiwa na bati, si la bati. Nilimpiga mimi. Nilimpiga kwa kipande cha nondo, kwa mikono miwili, na alipoanguka nilikinyanyua tena.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Natumaini baridi ya huko imepungua na umeanza kulala usingizi wa watu. Sisi huku tunapumua. Mimi ni mzima. Unanijua nilivyo: kwenye simu sauti hunikauka, na simu yenyewe ni ya baba. Dereva wa lori la vyuma anapita huko kesho. Ameniapia kwamba barua hii utaishika kabla hujapanda basi la Jumamosi.

Najua unakuja kumchukua mdogo wangu, Kibonge. Baba alikuambia mama alimpiga mtoto teke sehemu za siri mpaka akavimba, nawe ukasema mtoto hatalala tena nyumba moja na mwanamke wa namna hiyo. Nilikuwa mlangoni, na sauti yako ilikuwa inatoka kwenye simu kama ya mtu aliye chumbani. Shangazi, Kibonge hakupigwa teke. Hakupigwa na mtu yeyote.

Yalianza beseni likiwa limejaa maji. Mama alikuwa na sare za shule za kumalizia kushona, akamwomba baba amwogeshe mtoto. Baba si mtu wa kuogesha. Mara tukasikia, "Njoo uone hiki ni nini!" Korodani moja ya Kibonge ilikuwa imevimba kama limau, ngozi imevutika hadi inang'aa. Mama hakushtuka. Alimwambia amezaliwa hivyo, kwamba kliniki walisema tusubiri afike miaka miwili kwa sababu mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe, na kwamba wakati ule alimweleza, naye akaitikia "sawa sawa" huku anaangalia mpira.

"Busha?" baba akasema. "Mtoto wa miaka miwili ana busha? La nani, la babu yake?"

"Si la wazee, baba watoto. Ni maji tu."

"Mimi mchomeleaji. Bati likivimba upande huu, kuna aliyeligonga upande ule. Kitu hakivimbi bila kugongwa!"

Hapo ndipo akakumbuka kwamba juzi yake mama alimchapa Kibonge kofi la paja kwa kushika pasi ya moto. Akaunganisha paja na uvimbe kama anavyounganisha vyuma vyake, cheche zikaruka. Kofi la kwanza lilimtupa mama juu ya cherehani. La pili sikuliona, nililisikia. Alimshika nywele akampigiza kichwa kwenye ukingo wa meza, akamwinua, akampigiza tena, na kila pigo aliuliza, "Ulimpiga teke? Ulimpiga teke?" Mama alijibu hapana mpaka mdomo ukajaa damu na jibu likawa povu. Kibonge alikuwa amesimama ndani ya beseni, uchi, sabuni machoni, analia kwa sauti ambayo sikujua mtoto anayo.

Nondo huwa tunaizuilia mlango wa uani. Sikumbuki kuichukua. Nakumbuka sauti yake ilipompata: ilikuwa ndogo, kama mtu aliyebisha hodi. Baba alianguka kwa magoti, kichwa kikainamia maji ya kuogea, na maji yakabadilika rangi. Kibonge akanyamaza ghafla. Ni mama aliyenishika kifundo cha mkono. "Weka chini, mwanangu. Utaua."

Baba aliponyanyuka alinitazama kama mtu anayetazama mgeni, akachukua taulo la mtoto akalibana kwenye jeraha. Kwa mama alisema neno moja tu: "Toka." Akamtupia pochi na viatu nje. Kibonge alimkimbilia mpaka getini, povu bado mgongoni, na baba akamrudisha ndani amembeba chini ya kwapa, mtoto anarusha mateke kama samaki. Tangu siku hiyo mama yuko kwa fundi cherehani mwenzake, barabara ya pili.

Jumanne ya wiki iliyopita baba alituchukua mimi na Kibonge hospitali. Daktari alikuwa kijana, akaanza kueleza moja kwa moja kwa Kiingereza, lugha ya shule. Nikaona shingo ya baba inakaza. "Bubu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita siku hizi, "anasemaje?" Shangazi, mimi ambaye darasani sinyooshi kidole hata jibu nikilijua, ilibidi niseme mbele ya wote.

"Anasema mtoto akiwa tumboni kuna kijia kinachoshuka kutoka kwenye tumbo lake mpaka kule chini. Kwa kawaida kinajifunga. Cha Kibonge hakikujifunga, kwa hiyo maji ya tumboni yanateremka. Anasema amezaliwa nacho. Anasema haitokani na kupigwa."

"Anasema yeye, au unasema wewe?"

"Anasema yeye, baba."

"Unamtafsiria mama yako!" Mkono ukapanda palepale, mbele ya daktari. Nilirudi nyuma nikajikwaa kwenye ndoo ya taka, nikaanguka nayo, pamba zikatawanyika sakafuni.

Daktari hakugombana naye. Alizima taa, akamlaza Kibonge, akaegemeza tochi ndogo kwenye ule uvimbe. Uliwaka wote, mwekundu wa machungwa, kama taa iliyofunikwa kwa karatasi. Hata Kibonge aliinua kichwa kujitazama. Kisha yule daktari akatumia Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mzee, damu ikivia, hapa giza. Hii mwanga inapita. Maji." Baba aliinama mpaka pua ikakaribia tochi. Akasema polepole, "Kumbe ni mshono ambao haukufungwa."

Nilifikiri tukifika nyumbani atakupigia. Hakupiga. Kila tukikaa kula nilimtazama mkono, kama utaelekea mfukoni kwenye simu. Ulielekea kwenye kijiko tu.

Operesheni ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Waliagiza mtoto asile wala kunywa kitu tangu usiku, na mwenye njaa hajui daktari. Kibonge alimpiga baba ngumi za pua, akamng'oa kitufe cha shati, akapiga yowe korido nzima. Muuguzi mmoja akapita akisema, "Huyu akikua apewe kazi ya kunadi mitumba, spika hatahitaji." Baba hakucheka. Waliruhusu mzazi mmoja aingie naye mpaka alale, mimi nikabaki kwenye upenyo wa mlango. Baba alimshika kama anavyoshika bomba linalotaka kuzunguka, huku mtu wa dawa ya usingizi anamziba mdomo na pua kwa kikombe cha mpira. Kibonge alipigana. Aliita, "Mama! Mama! Mama!" na katikati ya ile ya mwisho akalegea, shingo ikaanguka upande, jicho moja halijafumba vizuri.

"Mmemuua!" Baba alimkamata yule mtu kooni akamgongesha kabatini, chupa zikalia. Wabeba machela wawili walimwinua, akampiga mmoja kiwiko cha kifua, wote watatu wakaja chini mlangoni miguuni pangu. "Amelala, mzee! Amelala! Tazama kifua!" Baba akiwa amebanwa sakafuni, shavu kwenye vigae, alitazama kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka. Lile jeraha lilikuwa limefunguka, damu inamwingia jichoni, na hakujipangusa.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Kidonda kidogo kwenye kinena, wakafunga kile kijia, maji wakayatoa. Lakini alipozinduka, Shangazi, alizinduka na vita vyake vyote. Alimtafuta mama kila uso, na kila uso haukuwa wake. Baba alipomwinamia, Kibonge alimuuma mkono, hapa kwenye mnofu wa kidole gumba, akang'ang'ania. Muuguzi alitaka kumbana mashavu aachie. Baba akasema, "Mwache." Akauacha mkono mle mdomoni mpaka mtoto akachoka mwenyewe.

Kwa sasa mgonjwa wako anaruka juu ya vitanda ingawa amekatazwa. Ile bandeji imemtia maringo, anawaonyesha wateja wa karakana bila kuombwa. Ila usingizi ukimjia anadai mama.

Mama nimemwona jana. Jicho moja halifunguki, na jino la mbele linacheza. Anashona kwa jicho lililobaki. Hajauliza habari za baba wala za kwako. Aliuliza tu, "Kidonda kikavu?"

Nilipotoka huko nilijikaza nikamuuliza baba atakupigia lini akuambie alichosema daktari. Aliipiga teke ndoo ya rangi ikavuka uwanja. "Nyumba hii baba ni nani?" Halafu akasema chini chini, bila kunitazama, "Acha shangazi yako aje. Mtoto akishaondoka, yataisha." Nikaelewa. Kukiri maji ni kukiri kwamba alimvunja mama bure. Ukimchukua Kibonge, uongo utakuwa umepata gari.

Nawe ndiye mtu pekee ambaye baba anamwogopa. Ulimlea, kofi lako analijua. Njoo, tafadhali, lakini usije na begi la nguo za mtoto. Njoo upitie kwanza barabara ya pili umwone mama kwa macho yako, kisha umwulize kaka yako ukweli akiwa amesimama mbele ya mama.

Na mimi unihukumu. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilimtetea mama. Pigo la kwanza, ndiyo. Lakini niliponyanyua nondo mara ya pili baba alikuwa ameshaanguka, na mama hakuwa hatarini. Nilitaka tu kupiga, na nilisikia raha. Mkono huu ni wa kaka yako, Shangazi. Sijui nimwambie nani zaidi yako.

Nisalimie binamu zangu wote, na yule bibi jirani yako anayenitumia karanga. Mama angekusalimu kama angejua naandika. Kibonge anakupungia mkono, ule usio na biskuti. Mungu akushike njiani, na akufikishe ukiwa na hasira ya haki na goti lisilouma.

Nasikia viatu vya baba uwanjani, vile vizito vyenye chuma mbele. Tangu nianze kuandika, kila nikivisikia nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya godoro. Sasa nimeiweka mezani, maandishi juu, naye anakuja. Akitaka kuisoma, aisome. Akiichana, nitaandika nyingine akiwa amesimama hapa hapa.

Kitasa kinazunguka. Naandika bado.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako.