Kabati Lililopiga Hodi

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Ujumbe wako nshausoma. Sisi hapa Mji Mkongwe wazima, alhamdulillahi. Mamako yuko Makunduchi kwa wifi yake, atarudi Ijumaa.

Umeniuliza kabati langu la harusi liliingiaje humu, na kichochoro chetu hata gari la punda halipiti. Lilibebwa begani, mwanangu. Mahamali wanne walikuja nalo wakiimba, wakiita "Simile! Simile!" ili watu wawapishe. Penye kona, karibu na kwetu, likakwama. Babu yako akataka uletwe msumeno, na mimi dirishani roho juu.

Mkubwa wa mahamali hakutaka hata kusikia. Akaugeukia mlango wa nyumba ya konani, akapiga hodi. Bi Zuhura, ambaye wakati huo hatukumjua hata kwa sura, akafungua mlango pande zote mbili, akakunja mkeka aliokuwa akilia chakula, akasema, "Karibuni, lipitisheni." Kabati likaingia kichwa mpaka ukumbini kwake, likageuka, likatoka zima. Mahamali akawapa na kahawa. Mpaka leo ndiye shoga yangu, na mpaka leo namstaajabia.

Wewe unanambia huko Dar es Salaam kabati lako limepanda ghorofani kwa lifti, bila kumsumbua jirani hata mmoja. Mashaallah, ufundi huo nausifu kweli.

Sasa shuka, mwanangu, ukamsumbue mmoja.

Bibi yako wa kichochoroni