Mama Yuko Hai, Yaya, na Gari Langu Hataki Kuliona

Kashikishi, Nchelenge,
Zambia.
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa Yaya Noëlla, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujaikunja barua hii ukawashia moto wa makaa, nakuomba uisome yote. Mguu wako unaendeleaje? Uvimbe umepungua? Na shemeji Méschac, kikohozi cha asubuhi kimemwacha au bado kinamwamsha kabla ya jogoo? Watoto je, wamerudi shule? Nimewaombea wote leo kanisani, na wewe nimekuombea zaidi, kwa sababu najua una hasira na mimi na una haki nayo.

Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Ennie anakusalimu kwa upendo. Mwanetu Gloire amekuwa mrefu kuliko mimi na anaazima viatu vyangu bila kuuliza. Mimi sina ugonjwa, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kwenda kuangalia gari ambalo halina shida yoyote, nafungua boneti, naangalia maji, nafunga. Ennie ameniambia nikiifungua boneti hiyo mara nyingine ataning'oa mkono.

Mama yuko hai, Yaya. Najua umeshaambiwa, lakini nataka uisome kwa mwandiko wangu. Yuko nyumbani kwetu hapa Kashikishi, anakula, anamkemea kila mtu, na leo amevaa kile kitenge cha bluu ulichomtumia. Lakini ugonjwa bado anao. Ana mawe katika mfuko wa nyongo, na anatakiwa apasuliwe kwenye hospitali ya Mansa Jumatano ya tarehe ishirini na tisa. Daktari alituambia kwa upole kwamba maumivu yatarudi, na yakirudi vibaya tunaweza kumpoteza. Mama anakataa kwenda. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo limenifanya nichukue kalamu, maana simu zangu hupokei.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliambiwa kipande tu, na tena na watu waliokuwa wakilia.

Unajua mtu mwenye pikapu huku si mwenye pikapu kweli. Gari ni la kila mtu. Kadi ina jina la Ennie, kwa hiyo hata sheria haiko upande wangu. Wakati huu ziwa limefungwa, hakuna kuvua mpaka Machi, basi hakuna chisense, wale dagaa wetu, wa kupeleka Mansa, na sisi wenye magari tunaishi kwa kubeba mihogo, makaa na matofali. Barabara zimelainika kwa mvua na spea zinapanda bei kila nikigeuka. Lakini misiba haifungwi kama ziwa. Akifa mtu, kanisa lote linajua nyumba yangu ilipo. Na huwezi kukataa. Ukikataa kubeba maiti ya jirani, siku yako ikifika utabebwa na nani? Mimi naona ni desturi nzuri. Naona pia kwamba aliyeianzisha hakuwa na gari.

Siku ile tulimzika mzee Chalwe, yule aliyekuwa akikausha samaki pale karibu na bandari. Kijiji chake kiko mbele ya Mwansabombwe. Vijana wa kanisa walifunga matawi mabichi kwenye gari, mbele na kwenye vioo, kama inavyofanywa huku ili kila anayekutana nalo ajue limebeba mwili. Wakiliona, watu husimama, wenye baiskeli hushuka, wanawake huchuchumaa kando ya njia mpaka lipite. Mazishi yakiisha, matawi hutolewa na kuachwa kulekule makaburini. Lakini udongo ulikuwa haujajaa kaburini simu ikalia. Alikuwa Sagesse, binti wa jirani yake Mama kule Mantapala anakoishi: Mama ameanguka shambani, ameshika tumbo, hawezi kusema. Sikumuaga mtu. Nilipanda gari na kukimbia.

Nikuulize, Yaya, wewe ungekumbuka majani?

Nilimkuta Mama amelazwa mlangoni. Tukaweka godoro nyuma ya pikapu, tukamlaza, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyunya, Sagesse akamfunika kwa blanketi na kitenge mpaka kichwani. Wanawake wa maombi wakapanda pamoja naye, wakaanza kuimba wimbo wa kumwomba Mungu amrehemu. Mimi mbele taa nimewasha kwa sababu ya mvua. Sasa jiweke kando ya barabara na uangalie gari hilo likija: matawi, taa, nyimbo, mtu amefunikwa. Mimi niliyekuwa ndani ndimi peke yangu nisiyeliona.

Watu walisimama njia nzima. Wazee walivua kofia. Mtu mmoja mwenye baiskeli iliyojaa makaa aliteremka kwa shida akainamisha kichwa. Na mimi mjinga nilisema moyoni, tazama jinsi watu wa huku wanavyompenda Mama yangu. Kwenye kizuizi cha polisi, ambapo kila siku wananiuliza leseni, bima, na kile kioo kilichopasuka, yule askari aliinua chuma haraka na kusimama wima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, Yaya. Nilisema leo ametufungulia njia.

Kabla ya hospitali nilipita nyumbani kumchukua Ennie, maana mimi Kibemba cha hospitali kinanishinda. Nikakuta moto umewashwa uani. Wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisa, viatu wamevua. Habari ilikuwa imetutangulia kwa simu. Nilipozima gari, Matildah, yule jirani anayeuza maandazi, alijitupa chini kwenye matope akaanza kuliita jina la Mama na kujigaragaza. Wanawake wengine wakamfuata.

Ndipo Mama akakitoa kitenge usoni. Maumivu yalikuwa yamelegea kidogo kwa wakati ule. Akainua kichwa juu ya ubavu wa gari, akatazama uani.

"Banalia nani?" akauliza. "Ni nani alikufa?"

Matildah alibaki ameketi kwenye matope, mdomo wazi. Mzee mmoja aliinuka akaenda zake bila viatu. Mama akatazama mbele, akayaona yale matawi yamefungwa juu ya kichwa changu, na akaelewa kabla yangu.

"Zéphyrin," akasema, "unanipeleka ku hopitali ao ku kaburi?"

Na hapo, Yaya, ndipo simu ya Ennie ilipolia na ulikuwa wewe. Ennie kwa kuchanganyikiwa aliiweka kwenye spika wote wasikie. Ulikuwa unalia. Ulimwita Mama kama ulivyokuwa ukimwita tulipokuwa wadogo, ulimwomba msamaha, ulisema mambo mengi. Ennie anajaribu kukwambia Mama ni mzima, na wewe humsikii kwa kilio. Mama alisikia yote. Alilala tena chini na kujifunika mwenyewe, na wanawake waliokuwa karibu naye wanasema alikuwa anatetemeka. Mimi sijui kama ni maumivu au ni kilio.

Hospitalini walimtuliza, wakampima, wakatupa tarehe ya Mansa. Nilidhani baada ya wiki tutacheka wote. Watu wamecheka, ndiyo. Huku siwezi kununua hata kiberiti bila mtu kuuliza leo nimemzika nani akiwa hai. Vijana wa bandarini wakiliona gari langu wanavua kofia na kuinama, kisha wanacheka mpaka wanashikana. Nawavumilia. Lakini Mama hacheki.

Amesema gari langu hapandi. Nikamwambia sawa, tutapanda minibasi pamoja mpaka Mansa, nitamlipia kiti cha mbele. Akasema hapandi hiyo pia. Nikaleta mchungaji. Alimsikiliza mchungaji kwa adabu, akampa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akasema hapana. Ennie, ambaye Mama humsikiliza kuliko mimi, alimpigia magoti. Mama alimwinua tu.

"Bana Gloire, miye batu banashamaliza kunililia," alimwambia, akimwita mama Gloire kwa Kibemba. "Nikienda ku Mansa bakanipasula, nikufe, nani ataamini tena? Batalia mara mbili?"

Unaona jinsi anavyoongea? Huwezi kujua kama anatania. Mimi mwanaye sijui, na hilo linanitisha kuliko mawe ya nyongo.

Kanisani anakwenda kwa miguu. Leo asubuhi nilimfuata na gari kwa gia ya kwanza, njia nzima, yeye mbele na mwavuli wake na mimi nyuma, niweze kumbeba akianguka. Hakugeuka hata mara moja. Minibasi zilikuwa zinanipigia honi, na Patson, fundi wangu, alitoka chini ya lori kuja kutuangalia. Tulipofika Mama aliingia kanisani, akaniacha naegesha. Nilikaa ndani ya gari nikalia kidogo, sioni haya kukwambia. Kisha Elliot, mzee wa kanisa, akagonga kioo. Kuna msiba Nchelenge, mazishi ni Jumanne, je, gari lina mafuta?

Nilimwambia ndiyo. Ningesema nini? Lakini nilimwambia pia kwamba safari hii matawi nitayafungua kwa mikono yangu mwenyewe, na mtu asiniguse mpaka jani la mwisho limeanguka. Akajibu kwa heshima ya Kibemba, "Mukwai, tumejifunza sote."

Ennie anataka tuliuze gari. Anasema tuanzishe duka la unga, unga haufi wala haumbebi aliyekufa. Mimi nakataa, na kwa upande mwingine nikiliona limeegeshwa natamani lisiwepo. Kuna siku nawaza kulipaka rangi nyingine. Kuna siku nawaza kumbeba Mama kwa nguvu na kumfunga mkanda. Nikimtazama jinsi alivyokonda mikono, wazo hilo linaniaibisha. Akishika tumbo usiku hanyanyuki kuniita. Namsikia tu kupitia ukuta, anapumua kwa kukata kata, na nikiingia ananiambia ni mbu.

Jana jioni nilikaa naye jikoni akichambua maharage. Nilichoka kubembeleza. Nilimuuliza swali moja tu: Mama, unataka nini? Sikutegemea jibu. Aliendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo nje, kisha akanijibu, na nitakuandikia alivyosema bila kupunguza wala kuongeza.

Kwanza nikwambie jambo ambalo shemeji Méschac alimwambia Ennie, na Ennie akamwambia Mama. Siku ile ulipopewa habari ya kifo, hukungoja. Uliuza cherehani yako. Kabla jua halijazama ulikuwa umeshafika kwenye stendi ya magari ya kwenda Kasenga na mzigo wako, kichwa umefunga kitambaa cheusi, na gari likiwa tayari kuondoka shemeji akaja mbio kukushusha kwa sababu Mama ni mzima. Ukarudi nyumbani. Mimi sikulaumu, Yaya. Najua maisha ya Lubumbashi. Najua kila mwaka ulitaka kuja na kila mwaka kulikuwa na karo, kodi, mguu. Gloire alikuwa mgongoni mwa mama yake ulipotuona mara ya mwisho. Hakuna mtu huku anayekusema vibaya, na Mama hajawahi.

Lakini jana alisema hivi:

"Ambia Noëlla, ile franga yenye alipata siku moja ya kuya kunizika, akuye nayo. Mi nilisikia vile ananililia. Nilifurahi sana. Sasa akuye nimuone na macho, aniulize vile nililala. Akikaa pembeni yangu mu gari, nitaenda ku Mansa, hata na ile gari ya Zéphyrin."

Basi ndilo hilo. Barua hii anakuletea Dédé, yule wa Kasenga anayenunua vitenge, anaondoka kesho asubuhi. Ukiisoma Jumanne, una siku za kutosha. Nitakuja kukungojea upande huu wa mto Luapula kwenye kivuko, na gari nitaliosha.

Msalimie sana shemeji Méschac, mwambie ninamshukuru kwa kukimbia siku ile na kifua chake kibovu. Wasalimie watoto wote, na Mama Mwenya wa kanisani kwenu aliyekushika usianguke. Ennie na Gloire wanakukumbatia. Mungu alainishe njia yako kutoka mlangoni kwako mpaka mlangoni kwetu, na amlinde Mama wetu katika siku hizi zilizo katikati.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja mtoni,

Zéphyrin

Nimemwomba Mama aweke neno mwishoni. Amesema hana neno. Ameenda kukutandikia kitanda.