Maji ya Esta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Kitangari tu wazima, na babu yako yuko mikoroshoni anagombana na nyani.

Jana kwenye simu uliniuliza kanisa linasemaje juu ya mwanamke aliyetoa mimba, na mimi mwanamke nasemaje. Ulidai ni kazi ya chuo. Haya.

Nilipokuwa mwali, mimba ya jirani yetu Esta iliharibika. Kesho yake akina mama wa kanisa walijaa uani kwake, wakisema hatapokea komunyo mpaka aseme ukweli.

"Ulikunywa mizizi gani? Nani alikupa?"

Jua lilikuwa kali, wakawa wanauliza huku wanachota maji mtungini mwake na kunywa. Bibi yangu, mcha Mungu kuliko wote pale, alipopewa kata aliikataa.

"Haya maji nani kayapandisha kutoka bondeni?"

"Esta, asubuhi."

"Jana kapoteza mimba, leo kapanda mlima na mtungi kichwani. Mmeyanywa maji yake, halafu mnamwuliza alikunywa nini?"

Waliondoka mmoja mmoja.

Kama Esta alikunywa mizizi, sijui hadi leo. Dhambi mimi naiita dhambi. Lakini tangu siku ile namshuku kila anayeuliza kabla hajasaidia kubeba.

Nawe nakushuku, mama. Kazi ya chuo haimlizi mtu kwenye simu. Njoo nyumbani. Maji nitateka mimi, wala sitakuuliza kitu.

Bibi yako