Cheti Chako na Ufunguo wa Mutwiri

Kendi mjukuu wangu,

Hapa Githongo tu wazima. Nyanya yako anachuma kahawa. Unauliza kama umweleze daktari wa marubani yote kuhusu ulivyoendesha gari ukiwa umelewa, ilhali ndiye atakayeamua kama utarudishiwa cheti cha afya, urushe ndege tena.

Ujanani mwangu, Mutwiri, dereva wa kiwanda chetu cha kahawa, alilewa akapindua lori lenye mavuno yetu. Akanyang'anywa ufunguo. Baadaye alisimama mbele ya wakulima wote, bila kuitwa.

"Baba na mama zangu, nililewa. Nimeacha pombe. Niulizeni lolote."

Kisha mama mmoja akasema, "Mrudishieni ufunguo. Kesho nitaketi naye mbele, nimnuse njia nzima!"

Tulicheka, Mutwiri alilia waziwazi. Mwili ulinisisimka, na hata leo hunisisimka.

Mweleze daktari yote, na ukubali kupimwa kila atakapotaka.

Babu yako