Mahudhurio Asilimia Mia

Shoga, sikia haya. Ndiyo kwanza natoka kwenye kikao cha ripoti ya mwaka ya shule za wilaya.

Afisa elimu kasoma, macho makavu: "Mwalimu bora wa hesabu, mahudhurio asilimia mia." Halafu akataja jina la shemeji yako! Mume wangu! Tuliyemzika mwezi wa pili!

Asilimia mia, shoga!

Wamenakili ripoti ya mwaka jana, wakabadilisha mwaka tu. Na ukumbi mzima ukapiga makofi, hata mwalimu mkuu aliyebeba jeneza!

Lile jiafisa likauliza, "Mbona hasimami?"

Nikasimama mimi. Nikamwambia, "Yuko makaburini, na tangu aende hajakosa hata siku moja. Kampelekee cheti chako."